Kuongeza Muda wa Mwalimu Aliye Marekani kwa Viza ya J-1: Yanayotakiwa Kule na Yanayotakiwa Huku

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa walimu, familia zao na wananchi wengine wanaotaka kuelewa jinsi muda wa mwalimu aliye chini ya mpango wa mabadilishano unavyoongezwa.



Ziko familia nchini Kenya ambazo mtu wao ni mwalimu aliyekwenda kufundisha Marekani. Aliondoka na sanduku mbili, akaahidi kurudi baada ya miaka mitatu. Sasa mwaka wa tatu unakaribia kwisha. Shule ya kule inamtaka aendelee. Nyumba inayojengwa huku haijaezekwa, na karo ya wadogo zake bado inalipwa kutoka mfukoni mwake. Swali linalosikika katika familia hizo ni moja: je, viza inaweza kuongezwa, na nani wa kuiongeza?

Jibu fupi ni kwamba muda unaweza kuongezwa, kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini mwalimu haongezi muda huo mwenyewe, wala ubalozi hauongezi, wala dalali hawezi kuuongeza. Unaombwa na mdhamini wake, kwa kutegemea kazi aliyoifanya tangu siku ya kwanza. Na muda ukiongezwa kule bila kupangwa huku, mwalimu anaweza kurudi akute ajira yake imepotea. Mambo hayo mawili ndiyo yatakayoelezwa leo.

Viza ni mlango, fomu ndiyo muda

Mpango wa mabadilishano wa Marekani unatokana na sheria ya mwaka 1961, iliyotungwa ili watu wa nchi mbalimbali watembeleane, wajifunze na kufundishana, kisha warudi kwao. Mpango huo unasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Anayeingia kupitia mpango huo hupewa viza ya aina ya J-1. Ndani yake mna makundi mengi: wanafunzi, watafiti, madaktari walio mafunzoni, na walimu wa shule za msingi na za upili. Kila kundi lina muda wake na masharti yake.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Viza ni ile karatasi inayobandikwa ndani ya pasipoti na ubalozi. Kazi yake ni kumwezesha msafiri kufika mpakani au kwenye uwanja wa ndege na kuomba kuingia. Muda wa kukaa na kufanya kazi unaonyeshwa na fomu nyingine iitwayo DS-2019, ambayo hutolewa na mdhamini na kuwekwa katika mfumo wa kielektroniki wa serikali ya Marekani uitwao SEVIS. Fomu hiyo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

Kwa hiyo, viza iliyoisha haimaanishi kuwa mwalimu aliye ndani ya Marekani amevunja sheria, mradi fomu yake ya DS-2019 bado ina siku na anafuata masharti. Kinyume chake pia ni kweli. Viza inaweza kuwa na miaka miwili iliyobaki, lakini fomu ikiisha bila kuongezwa, kazi imekwisha. Familia inapopiga simu kuuliza habari za viza, iulize kwanza tarehe iliyo kwenye DS-2019.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba kanuni hizi hubadilika. Mnamo Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilitoa pendekezo la kuwawekea wageni wa aina ya J tarehe maalumu ya kuondoka, na kuwataka wanaotaka kuendelea kukaa wapeleke ombi kwa idara ya uhamiaji ya nchi hiyo. Kwa sababu hiyo, mwalimu amuulize mdhamini wake kanuni zikoje siku anapoanza ombi. Asitegemee yaliyompata mwenzake aliyemtangulia.

Anayeomba ni mdhamini

Kila mwalimu wa J-1 ana mdhamini. Huyu ni shirika, idara ya elimu ya jimbo au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Shule anakofundisha huitwa shule mwenyeji, na mara nyingi si yenyewe iliyo mdhamini. Ndani ya ofisi ya mdhamini kuna afisa mwenye mamlaka ya kutoa fomu ya DS-2019. Huyo ndiye mtu ambaye mwalimu anapaswa kujua jina lake, anwani yake na barua pepe yake.

Kwa kundi la walimu, muda wa kawaida haupiti miaka mitatu. Baadhi ya wadhamini hutoa fomu ya miaka mitatu kwa mara moja. Wengine hutoa ya mwaka mmoja mmoja. Fomu ya mwaka mmoja ikikaribia kwisha kabla ya miaka mitatu kutimia, mdhamini huiongeza mwenyewe katika mfumo, ikiwa mwalimu na shule wametimiza masharti. Hiyo ni nyongeza ya kawaida.

Nyongeza ya kupita miaka mitatu ni jambo jingine. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2016 zinamruhusu mdhamini kuiomba Wizara ya Mambo ya Nje imwongezee mwalimu mwaka mmoja au miwili. Jumla yote haipiti miaka mitano. Hakuna nyongeza ya muhula mmoja, wala ya miezi sita. Ni mwaka mzima wa masomo au miwili.

Ombi hilo huambatana na mambo haya:

Kwanza, barua kutoka kwa msimamizi wa shule mwenyeji au wa wilaya ya shule, yenye nembo rasmi, inayoeleza utendaji wa mwalimu katika miaka mitatu iliyopita na jinsi shule ilivyofaidika kwa kuwa naye.

Pili, maelezo ya shughuli za utamaduni alizofanya darasani, shuleni au katika jamii kwa miaka hiyo mitatu, ikiwa hazikuelezwa tayari katika ripoti zake za kila mwaka.

Tatu, uthibitisho kwamba ada ya ombi imelipwa. Ada hiyo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Mwalimu aulize mapema ni nani atakayeilipa.

Nne, ombi lipelekwe si chini ya miezi mitatu kabla ya siku ambayo nyongeza inatakiwa kuanza.

Rekodi huanza kujengwa mwaka wa kwanza

Hayo maelezo ya shughuli za utamaduni ndiyo yanayowatatiza walimu wengi, kwa sababu hawakuyachukulia kwa uzito walipofika. Mwalimu anapoingia darasani Marekani, kazi yake haiwi hesabu au sayansi peke yake. Kila mwaka wa masomo anatakiwa kufanya angalau shughuli moja ya kuwafahamisha wanafunzi, walimu au jamii ya kule kuhusu nchi yake: historia, mila, uchumi, elimu na maisha ya watu wake. Anatakiwa pia kufanya shughuli nyingine inayowakutanisha wanafunzi wa Marekani na wanafunzi au shule ya nchi nyingine, ikiwezekana shule alikotoka, kwa njia ya intaneti au njia nyingine. Kisha huandika ripoti na kuipeleka kwa mdhamini.

Sharti hilo la pili ni nafasi kwa shule za huku. Mwalimu mkuu wa shule iliyo kijijini anaweza kupanga saa moja ambapo darasa la Kenya linazungumza na darasa la Marekani kwa njia ya video. Watoto wa huku wanaeleza jinsi mahindi yanavyokaushwa, jinsi mvua za masika zinavyosubiriwa, au jinsi ngoma inavyochezwa arusini. Watoto wa kule nao wanaeleza yao. Tofauti ya saa ni kubwa: Kenya iko mbele ya New York kwa saa saba au nane kulingana na msimu. Darasa la huku hulazimika kukutana alasiri ili wa kule wawe wameingia shuleni asubuhi. Mahali pasipo na intaneti ya kutosha, barua na picha zinaweza kutumwa.

Shule ikifanya hivyo inamsaidia mwalimu wake kwa njia ambayo fedha haziwezi. Picha za siku hiyo, barua ya shukrani kutoka kwa mwalimu mkuu, na kazi za watoto vyote vinaweza kuingia katika ripoti. Mwalimu ahifadhi vitu hivyo katika faili moja kila mwaka. Akisubiri mwaka wa tatu ndipo aanze kutafuta ushahidi, atakuta simu iliyokuwa na picha imepotea na mwalimu mkuu aliyemwona akifanya kazi amehamishwa.

Kalenda ya kufuata

Chukueni mfano wa mwalimu aliyeanza kufundisha Agosti 2024, na ambaye miaka yake mitatu inaisha katikati ya mwaka 2027. Ikiwa nyongeza inatakiwa kuanza tarehe 1 Julai 2027, ombi la mdhamini linapaswa kuwa limefika wizarani kabla ya tarehe 1 Aprili 2027. Lakini mdhamini hukusanya stakabadhi za walimu wengi, kwa hiyo huweka makataa yake ya mapema zaidi.

Mwalimu huyo basi, ifikapo Septemba au Oktoba 2026, awe ameshazungumza na mwalimu mkuu wa shule mwenyeji na kujua kama nafasi yake itakuwepo. Wakati huohuo amwandikie mdhamini kuuliza makataa, ada na orodha ya stakabadhi. Kabla ya mwaka kwisha, ripoti zote ziwe kamili na barua ya shule iwe imeombwa. Shule nyingi za Marekani hufunga kwa sikukuu mwishoni mwa Desemba, na barua iliyoombwa wakati huo hukaa.

Katika kipindi hicho pia aangalie pasipoti yake. Pasipoti inayokaribia kwisha humzuia kupata viza mpya na humsumbua safarini. Mkenya aliye Marekani hufanya mipango ya pasipoti kupitia eCitizen na ubalozi wa Kenya ulioko Washington, na shughuli hiyo huchukua muda.

Kuna pia leseni ya kufundisha. Marekani, leseni hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Leseni ya mwalimu wa kigeni inaweza kwisha hata kama DS-2019 imeongezwa. Mwalimu aulize ofisi ya wilaya ya shule ni mitihani au masomo gani yanayotakiwa ili leseni iendelee.

Fomu ikishapita tarehe yake ya mwisho, nyongeza ya kawaida haiwezekani tena. Ndiyo maana tarehe hiyo inafaa kuandikwa mahali ambapo mwalimu anaiona kila siku.

Msiba, arusi na safari ya nyumbani

Hakuna jambo linalowapa walimu walio ng'ambo taabu kama simu ya usiku inayosema mzazi amefariki. Mila zinamtaka mtoto awepo mazishini. Lakini kabla ya kukata tiketi, kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni viza. Muda unapoongezwa, kinachoongezwa ni DS-2019. Viza iliyo ndani ya pasipoti haibadiliki. Ikiwa imekwisha, mwalimu akishafika Kenya hawezi kupanda ndege ya kurudi Marekani mpaka apate viza mpya. Itambidi ajaze fomu, alipe ada ya ombi, ambayo tangu Juni 2023 ni dola 185, apangiwe siku ya mahojiano katika ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi, na asubiri. Hakuna uhakika kwamba atapewa nafasi katika wiki moja ya matanga.

La pili ni sahihi ya ruhusa ya kusafiri. Upande wa chini wa DS-2019 huwa na sahihi ya afisa wa mdhamini inayothibitisha kuwa mwalimu anaweza kutoka na kurudi. Sahihi hiyo haidumu zaidi ya mwaka mmoja. Mwalimu ahakikishe ni mpya kabla ya likizo yoyote.

La tatu ni ombi lenyewe. Ikiwa nyongeza imeombwa na jibu halijatoka, mwalimu azungumze na mdhamini kabla ya kusafiri.

Familia ya huku nayo ielewe. Mtoto akisema hawezi kuja, si kwamba amesahau kwao. Pengine viza yake imekwisha, na akitoka atakosa kurudi kazini. Mlango huo usigeuzwe kuwa ugomvi wa ukoo.

Mume, mke na watoto

Mume au mke wa mwalimu, na watoto wasiooa au kuolewa walio chini ya miaka 21, wanaweza kuwa naye kwa viza ya J-2. Kila mmoja ana DS-2019 yake. Nyongeza ya mwalimu inapokubaliwa, fomu zao pia zinapaswa kuongezwa, na mwalimu ahakikishe jina la kila mmoja limo. Mtoto anayetimiza miaka 21 ndani ya kipindi cha nyongeza hupoteza nafasi hiyo siku anapotimiza umri, hata kama mzazi bado ana miaka miwili mbele yake. Suala la chuo chake na viza ya mwanafunzi lipangwe mapema.

Aliye na J-2 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi. Kibali hicho kina tarehe yake ya mwisho na huombwa upya. Hakiongezeki chenyewe kwa sababu DS-2019 imeongezwa.

Bima pia huongezwa pamoja na muda. Kanuni zinataka kila mmoja katika familia awe na bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa hadi nchi yake, na dola 25,000 za kurudisha maiti nyumbani. Bima ya shule mara nyingine haigusi hayo mawili ya mwisho. Mwalimu anayeacha bima iishe kwa makusudi anaweza kuondolewa katika mpango.

Kodi inaweza kuongezeka

Walio wengi hufanya hesabu ya mwaka wa nne kwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Hesabu hiyo inaweza kuwa na kasoro. Katika miaka miwili ya kwanza ya kalenda, mwalimu wa J-1 kwa kawaida huhesabiwa kuwa si mkazi kwa ajili ya kodi, na hakatwi michango ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee ya Marekani. Baada ya hapo siku zake huanza kuhesabiwa, na akifikisha zinazotakiwa, anahesabiwa kuwa mkazi kwa ajili ya kodi. Yule aliyefika Agosti 2024 amezitumia 2024 na 2025, ingawa mwaka wa kwanza ulikuwa miezi mitano tu. Kuanzia 2026 mambo hubadilika.

Michango hiyo kwa mfanyakazi ni asilimia 7.65 ya mshahara. Kwa mshahara wa dola 4,000 kwa mwezi, hiyo ni dola 306. Kuna majimbo ambayo walimu wake wako katika mfumo tofauti wa pensheni, kwa hiyo kiasi kinachokatwa hutofautiana. Pensheni ya hifadhi ya jamii kwa kawaida huhitaji miaka kumi ya michango, na mwalimu wa J-1 haifikishi. Kenya na Marekani pia hazina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili. Mwalimu aulize ofisi ya mishahara ya shule kabla ya kuahidi fedha nyumbani, na apate ushauri kuhusu PIN na ripoti zake za KRA.

Mambo yanayoharibu ombi

Viza ya J-1 inamruhusu mwalimu kufundisha katika shule iliyoandikwa, na si kazi nyingine yoyote. Kutunza wazee usiku, kuendesha teksi ya programu ya simu wikendi, au kufundisha kwa malipo mahali pengine bila idhini ya mdhamini ni kuvunja masharti. Kazi hizo hulipa, na Wakenya walioko kule kwa hati nyingine huzifanya kihalali. Kwa mwalimu wa J-1, zinaweza kufuta mpango mzima.

Vilevile asihame shule bila mdhamini kukubali. Akihama nyumba, ampashe mdhamini anwani mpya ndani ya siku 10. Hayo yanaonekana madogo, lakini yote huandikwa katika SEVIS.

Halafu kuna madalali. Wako wanaojitangaza mitandaoni kwamba wana mtu ndani ya ubalozi anayeweza kuongeza muda kwa malipo ya M-Pesa. Huo ni utapeli. Ubalozi hauongezi muda wa mwalimu aliye Marekani, na orodha ya wadhamini walioidhinishwa iko wazi katika tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Anayetaka kutumia wakala wa ajira hapa nchini aangalie kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Aliyetapeliwa apige ripoti kituo cha polisi akiwa na ujumbe wa simu na risiti za malipo.

Upande wa Kenya

Mwalimu aliyeajiriwa na TSC na kupewa likizo bila malipo alipewa likizo yenye tarehe ya kurudi. Nyongeza ya Marekani haibadilishi tarehe hiyo. Asiporudi kazini na hana idhini mpya, anahesabiwa mtoro, na hilo ni kosa la kinidhamu linaloweza kumwondoa kazini na katika sajili ya walimu. Barua ya kuomba nyongeza ya likizo iandikwe kabla ya ile ya kwanza kwisha, ipitie ngazi zinazotakiwa, na mwalimu asubiri jibu la maandishi. Ikikataliwa, ana uamuzi wa kufanya: kurudi, au kujiuzulu kwa utaratibu. Kunyamaza kusiwe mojawapo ya chaguo.

Walimu wa chekechea huajiriwa na serikali za kaunti, kwa kuwa elimu ya awali ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Aliyeajiriwa hivyo aandikie idara yake ya elimu na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Kuna pia mikopo. Mshahara wa huku unapokatika, makato ya Sacco yanakatika nayo. Mwalimu asipotuma malipo, Sacco huwageukia wadhamini wa mkopo, ambao ni walimu wenzake waliobaki darasani na mishahara yao midogo. Aliyeongezewa miaka miwili aweke utaratibu wa kulipa kila mwezi, na pia mkopo wa HELB kama anao. Wazazi na watoto waliobaki wahakikishe michango yao ya SHA inaendelea.

Mwisho wa muda

Nyongeza inaweza kukataliwa, na hata ikikubaliwa, miaka mitano ina mwisho. Mpango ukimalizika, mwalimu ana siku 30 za kufunga mizigo na kuondoka. Katika siku hizo haruhusiwi kufundisha wala kufanya kazi nyingine, na akitoka nje ya Marekani hawezi kurudi kwa siku zilizobaki.

Hapo husikika habari ya miaka miwili, na watu huichanganya kwa sababu ziko mbili. Ya kwanza humhusu kila mwalimu: akimaliza mpango na kutaka kurudi tena kama mwalimu wa J-1, lazima kwanza akae nje ya Marekani angalau miaka miwili. Ya pili humhusu yule tu ambaye safari yake iligharimiwa na serikali, au ambaye nchi na fani yake vimo katika orodha ya ujuzi ya Marekani, iliyosahihishwa Desemba 2024. Huyo anatakiwa kukaa nchini kwake miaka miwili kabla ya kupata baadhi ya viza za kazi au ukaazi wa kudumu, isipokuwa apewe msamaha. Viza au DS-2019 huwa na maandishi kuhusu sharti hilo. Mwenye shaka atafute wakili wa uhamiaji.

Walimu wa Kiswahili wanaokwenda vyuo vikuu vya Marekani kama wasaidizi chini ya mpango wa Fulbright wajue kwamba haya ya miaka mitano si yao. Wao huenda kwa mwaka mmoja wa masomo, kwa gharama ya serikali ya Marekani, kisha hurudi.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwalimu anayerudi huleta njia mpya za kufundisha, na shule zinamhitaji. Lakini ili apate pa kurudi, likizo yake iwe hai, mikopo yake iwe imelipwa, na familia yake iwe inajua tarehe.

Familia iliyo na mwalimu Marekani imwulize wiki hii maswali matatu: DS-2019 yako inaisha lini, mdhamini anataka stakabadhi lini, na likizo yako ya TSC au ya kaunti inaisha lini? Majibu hayo matatu yakiandikwa katika karatasi moja, mengi ya yaliyosemwa leo yatakuwa yameshughulikiwa kabla hayajawa shida.